Pikapu Haichaji: Namna ya Kufuatilia Tatizo Hatua kwa Hatua Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Mama mmoja anayenunua sangara Igombe na kuwaleta mjini Mwanza alifika kwangu asubuhi moja, Hilux yake ya dizeli ikisukumwa na vijana watatu. Nilimpa shikamoo, akaitikia akiwa bado ameshika mlango. "Marahaba mwanangu. Hii ni betri ya tatu tangu mwaka uanze, na mwezi uliopita wamenibadilishia alteneta. Kama gari limefika mwisho niambie, nijue moja."

Tuliishtua betri kwa gari lingine, injini ikawaka. Nikawasha taa kubwa, nikaweka mita kwenye betri: volti 12.9. Nikahamisha ncha nyekundu ya mita hadi kwenye nati kubwa iliyo nyuma ya alteneta: volti 14.6. Waya ni uleule mmoja, unatoka pale unakwenda betri, lakini volti 1.7 zilikuwa zinapotelea njiani. Nikazima injini, nikatoa waya wa betri, nikafungua ile nati. Kichwa cha waya kilikuwa kimeota kutu ya kijani, na nilipochana ganda lake nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi kama zimetoka jikoni. Zilizokuwa bado zimeshika zilihesabika. Nikakata kipande cha vidole vitatu mpaka nikaifikia shaba inayong'aa, nikabana kichwa kipya, nikakaza. Nikawasha tena injini, betri ikasoma 14.2.

Betri tatu na alteneta moja zilinunuliwa kwa sababu ya kichwa cha waya kisichozidi ukubwa wa dole gumba. Yule mama halipwi mshahara. Kila betri aliyonunua ilitoka kwenye mtaji wa samaki. Ndiyo maana naandika haya kwa urefu, kwa ajili ya dereva au mwenye gari anayetaka kupima mwenyewe, au walau kusimama karibu na fundi akijua kinachopimwa.

Mwanza kwetu kuna milima ya kutosha kuficha ugonjwa huu. Ukikaa Bugando, Mabatini au Igogo unaegesha gari likitazama bondeni. Asubuhi unaachia breki, unatia gia ya pili, limewaka. Mtu huishi hivyo miezi mingi bila kumwambia yeyote. Aibu hutokea siku akipanga foleni ya kivuko cha Kamanga, mahali tambarare, anazima na kuwasha kila magari yanaposogea. Zamani Kigongo ndiyo ilikuwa inatuletea wagonjwa wengi wa namna hiyo, kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa mwaka 2025. Kusukuma gari nako kuna gharama yake: alteneta haikutengenezwa kujaza betri iliyokauka kabisa. Ukiipa kazi hiyo kila asubuhi, inapata moto kupita kiasi na dayodi zake zinaanza kufa.

Mfumo wenyewe kwa kifupi

Betri kazi yake kubwa ni kuzungusha stata, ile mota ya kuwashia injini. Injini ikishawaka, alteneta (wengine huiita jenereta) ndiyo inayolisha taa, feni, redio na kila kitu, na inayobaki inairudisha kwenye betri. Ndani yake kuna koili inayozungushwa na mkanda. Koili hiyo hupewa umeme kidogo kupitia kaboni mbili zinazosugua pete zake, ikawa sumaku. Sumaku inapozunguka, koili za nje zinazaa umeme mwingi. Dayodi zinaugeuza umeme huo uwe wa aina ya betri. Katauti inasoma volti na kuamua ile koili inayozunguka ipewe kiasi gani, ili volti zisipungue wala zisizidi. Pikapu nyingi kuanzia miaka ya 1980 zina katauti ndani ya alteneta. Zilizo nzee zaidi zinayo nje, kiboksi kilichofungwa kwenye bodi pembeni ya injini.

Kwenye Hilux za dizeli za injini kama 2L na 3L kuna jambo moja la ziada ambalo kila dereva wake anapaswa kulijua. Nyuma ya alteneta kumefungwa pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Mkanda ukikatika, hukosi chaji peke yake. Breki zinakuwa ngumu, na kwa kuwa mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji, injini inachemka. Dizeli ya zamani inaweza kuendelea kunguruma bila alteneta kwa muda mrefu, dereva akadhani mambo yako sawa. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka ghafla njiani kwenye gari la aina hii, simama pembeni kwanza, fungua boneti, angalia mkanda.

Vifaa, na kosa moja la kuacha leo

Mita ya kawaida ya dijitali inatosha, hata ile ndogo ya njano. Ongeza spana namba 10, 12 na 14, msasa laini, brashi ya waya, balbu ya indiketa iliyolehemewa nyaya mbili, na tochi. Mita iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Gari lako likiwa la volti 24, lenye betri mbili zilizoungwa kwa mfululizo, weka alama ya 200 na uzidishe mara mbili namba za volti za betri na za chaji nitakazotaja.

Kosa lenyewe ni lile la kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inawaka ili "kuona kama alteneta inafanya kazi". Nimeliona gereji nyingi, na wazee wetu walilifanya kwenye dainamo za zamani bila madhara makubwa. Kwenye alteneta ni hatari. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa mfumo mzima. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu mno kwa sehemu ndogo ya sekunde, na dayodi, katauti au redio inaungua hapohapo. Fundi akisema gari likizima alteneta ni mbovu, inawezekana ni yeye aliyeiua dakika hiyo. Vilevile, bodi ikichomelewa, toa waya wa betri na nyaya za alteneta kwanza.

Sikiliza taa ya chaji kabla ya kushika mita

Taa yenye picha ya betri kwenye dashibodi inakueleza mengi ukiijua lugha yake. Washa swichi bila kuwasha injini: lazima iwake. Isipowaka, balbu imekufa, fyuzi imeungua, au waya umekatika. Hilo si dogo, kwa sababu kwenye alteneta nyingi umeme unaopitia balbu hiyo ndio unaoiamsha. Niliwahi kuletewa pikapu iliyogoma kuchaji baada ya dashibodi kuwekewa balbu za LED kwa urembo. Nilirudisha balbu ya kawaida, chaji ikarudi.

Ikiwaka na kubaki inawaka kwa nguvu injini ikiwa imewaka, alteneta haizalishi. Ikizimika tu baada ya kukanyaga mafuta, fikiria kaboni zilizokwisha, mkanda unaoteleza, au balbu dhaifu. Ikififia bila kuzimika, kiasi kwamba unaiona usiku tu, dayodi ni mtuhumiwa wa kwanza. Ikizimika vizuri kabisa halafu betri inakufa bado, basi ama umeme unapotea kwenye waya mkubwa kama kwa yule mama, ama kuna kitu kinanyonya betri gari likiwa limelala. Taa haioni makosa hayo mawili.

Hatua ya kwanza: jua hali ya betri

Usipime chaji kwa betri iliyokauka. Betri tupu huvuta volti chini, ukaishia kuilaumu alteneta nzima. Ipeleke kwa wachaji betri ikae usiku kucha ijae, kisha iache ipumzike saa chache. Kama gari limetembea muda si mrefu, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo, ndipo upime. Bila hivyo utasoma volti za juujuu.

Betri iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 nusu, na 12.0 iko karibu na mwisho. Ukikuta 10.5 hivi na haipandi hata baada ya kuchajiwa, tundu moja (seli) limekufa, na hiyo kweli ni ya kubadilisha. Betri za kufunguliwa vifuniko zina faida hapa: chungulia kila tundu kwa tochi (usitumie kiberiti, gesi ya betri hulipuka), maji yafunike sahani na kuzidi kidogo. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe usiweke ya bomba wala ya ziwa. Ukiwa na kile kipimo cha kioo chenye boya, tundu zuri lililojaa husoma 1.26 hadi 1.28, tundu moja likiachana na mengine kwa zaidi ya 0.05, betri hiyo haina maisha.

Mwisho mwambie mtu awashe injini huku ukitazama mita. Stata inapozunguka volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka na betri imejaa, betri imechoka, au stata inakula kuliko kiasi chake.

Na kabla hujaondoka hapo: toa vichwa vyote viwili vya betri. Visugue ndani na nje mpaka risasi ing'ae, rudisha, kaza, paka grisi juu. Ule unga mweupe au wa kijani unaooshwa kwa maji ya moto yenye magadi haupitishi umeme. Robo ya magari ninayoletewa, kazi huishia hapa.

Hatua ya pili: mkanda

Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya puli mbili. Ubonyee kiasi cha sentimita moja. Ukining'inia, kaza, ukiwa mgumu kama ubao, legeza, maana unaua beringi za alteneta na pampu ya maji. Geuza uangalie upande wa ndani: ukiwa unang'aa kama kioo, huo unateleza hata ukiukaza. Kelele ya mluzi asubuhi unapowasha taa kubwa ndiyo sauti yake. Gari linalobeba samaki na barafu kila siku lichunguzwe zaidi, kwa sababu maji na mafuta ya samaki hayachagui pa kudondokea wakati wa kupakia na kuosha.

Hatua ya tatu: volti za chaji

Washa injini. Ncha za mita ziweke kwenye nguzo za betri zenyewe. Ikinguruma polepole bila kukanyagwa, utaona zaidi ya 13. Mwambie mwenzako ashikilie mafuta, mzunguko wa 2000 hivi, kila kitu kimezimwa: 13.8 hadi 14.5 ni afya. Baadhi ya Toyota za zamani hufika karibu na 15 alteneta ikiwa bado baridi, kisha hushuka ikipata moto. Sasa washa taa kubwa, feni na waipa, mzunguko uleule: isishuke chini ya 13.5.

Andika namba hizo tatu kwenye karatasi, usizitegemee kichwa.

Volti zikibaki 12 na kitu na zinaendelea kushuka, hakuna chaji inayofika. Zikiwa nzuri bila mzigo lakini zikaporomoka taa zikiwaka, kuna mkanda unaoteleza, dayodi iliyokufa, au waya uliooza. Kumbuka pia hesabu ya mizigo. Alteneta nyingi za pikapu hizi ni za ampea 40 hadi 60. Taa kubwa za kawaida zinakula kama ampea 10. Ukiongeza taa nne za mbele za kazi na amplifaya ya spika za matangazo juu ya paa, alteneta inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikashindwa kazi uliyompa.

Zikizidi 15 na gari limepata moto, ruka moja kwa moja hadi kwenye sehemu ya chaji inayozidi.

Hatua ya nne: umeme unapotelea wapi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo iliyomgharimu yule mama. Mafundi wengi huweka mita kwenye alama ya ohmu, wanagusa mwanzo na mwisho wa waya, inalia pii, wanasema waya mzima. Kulia kwake hakuthibitishi kitu. Uzi mmoja wa shaba uliobaki kati ya hamsini utafanya mita ilie, lakini hauwezi kubeba ampea 30. Waya upimwe ukiwa kazini, umebeba mzigo wake.

Injini iwake, mzunguko 2000, taa kubwa na feni ziwe zimewashwa. Mita iko kwenye volti za DC. Ncha nyekundu iweke kwenye nati kubwa ya alteneta yenye alama B, na nyeusi kwenye nguzo chanya ya betri. Gusa nguzo yenyewe, usiguse kile kibanio kinachoishika. Angalia nati hiyo usiigusishe na bodi kwa spana, ina umeme wa betri muda wote. Mita sasa inakuonyesha volti zinazopotea kwenye njia hiyo peke yake. Chini ya 0.3 ni sawa. Ikifika 0.5 na kuzidi, kuna mahali pabaya, na unapatafuta kwa kusogeza ncha nyeusi kutoka betri kurudi nyuma: kibanio, kisha mwisho wa waya ulioingia kwenye kibanio, kisha ule waya wa fyuzi kuu ulio karibu na betri, kisha kiungo kinachofuata. Pale namba inaposhuka ghafla, ugonjwa uko kati ya sehemu mbili ulizogusa mwisho.

Ule waya wa fyuzi kuu uvute taratibu kwa vidole gari likiwa limezimwa. Ukivutika kama mpira, shaba ya ndani imeungua na ganda limebaki. Badilisha kwa waya wa aina hiyohiyo. Waya wa kawaida mnene siku ya hitilafu hauungui; unachoma gari.

Upande wa ethi (njia hasi, umeme unaporudi betri kupitia injini na bodi) fanya hivyohivyo: nyekundu kwenye chuma tupu cha ganda la alteneta, nyeusi kwenye nguzo hasi ya betri. Isizidi 0.2. Ikizidi, fuata waya hasi mpaka unapofungwa kwenye injini, na angalia utepe unaounganisha injini na bodi. Injini iliyowahi kutolewa kwa ajili ya ovaholi mara nyingi hurudishwa utepe huo ukiwa umefungwa juu ya rangi, au haukurudishwa kabisa. Dalili ya ethi mbaya ni kwamba hata stata nayo huwa nzito, kwa sababu stata na alteneta zinatumia njia moja.

Alteneta zenye waya wa kusoma betri, wenye alama S, zinajaribu kufidia upotevu. Kwa hizo utaona betri inasoma vizuri lakini nyuma ya alteneta kumepanda hadi 15 au zaidi. Usiridhike, waya bado ni mbovu.

Hatua ya tano: nyaya ndogo

Kama nati ya B yenyewe haina volti za chaji, yaani alteneta haizalishi, usiishushe bado. Angalia fyuzi: soma kifuniko cha kisanduku, tafuta zilizoandikwa CHARGE, ENGINE au GAUGE. Usiitazame kwa macho tu. Ipime pande zote mbili kwa mita swichi ikiwa imewashwa.

Kisha chomoa plagi ndogo nyuma ya alteneta. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa, tundu la IG, linalopata umeme kupitia swichi, liwe na volti za betri. Tundu la S liwe nazo hata swichi ikiwa imezimwa. Waya wa L ndio wa taa ya dashibodi: uguse kwenye bodi kwa kipande cha waya, taa iwake. Hakikisha ni L, kwa sababu ukiigusisha S kwenye bodi utaunguza fyuzi. Kukiwa na kinachokosekana hapo, tatizo liko kwenye nyaya au swichi na alteneta haina kosa. Meno ya plagi yakiwa yamelegea au yana kutu, yabane na kuyasugua.

Hatua ya sita: katauti au kaboni?

Nyaya zote zikiwa nzima na bado hakuna chaji, kosa liko ndani. Alteneta nyingi za Toyota za zamani zina kitundu nyuma chenye alama F. Ukigusisha sehemu hiyo kwenye ganda kwa bisibisi nyembamba injini ikinguruma polepole, unaipita katauti na kuilazimisha alteneta kutoa kila ilicho nacho. Fanya kwa sekunde mbili au tatu, redio ikiwa imezimwa, bila kukanyaga mafuta. Volti zikipanda juu, katauti ndiyo iliyokufa na alteneta ni nzima. Zisipopanda, tafuta kwenye kaboni, koili inayozunguka au dayodi.

Kaboni mpya huchomoza kama milimita 10, ikibaki 1.5 imekwisha. Ukishaifungua, tazama zile pete mbili. Zikiwa nyeusi, zisafishe kwa kitambaa au msasa laini ukizungusha. Zikiwa na mfereji wa kushika kucha, kaboni mpya hazitadumu. Pima koili kwa ohmu, pete hadi pete: karibu na 3 ni kawaida. Pete hadi shafti mita isionyeshe chochote. Kaboni mbili na kulehemu kwa risasi ni kazi ya saa moja kwa fundi wa kusuka mota, na bei yake hailingani kabisa na alteneta ya mtumba ambayo hujui ilitembea wapi.

Kwa dizeli zenye pampu ya vakyumu, ukikuta ndani kumelowa oili, kaboni mpya peke yake ni kupoteza pesa. Oili ya injini huingia kwenye pampu kupitia bomba dogo na kurudi kwa mpira mpana. Mpira huo ukibanwa au ukiziba, oili hutafuta njia ya kupita kwenye sili na kuingia kwenye alteneta. Zibua mpira, badilisha sili, ndipo ufunge. Ukimaliza, jaribu breki kabla hujatoka gereji: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano, ishikilie, kisha washa. Pedali ishuke kidogo chini ya mguu wako. Isiposhuka, gari lisitoke.

Dayodi, na betri inayokufa usiku

Asubuhi kabla ya kuwasha injini, weka kiganja juu ya alteneta. Ikiwa ina joto wakati gari limelala nje usiku kucha, dayodi inavuja na betri imekuwa ikiipasha moto. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kimenisaidia mara nyingi.

Kwa mita, weka AC injini ikiwa imewaka, pima kwenye betri. Zaidi ya 0.5 ni dalili ya dayodi mbovu. Lakini mita zile ndogo za bei nafuu hudanganyika kwenye kipimo hiki: nyingine huonyesha namba kubwa, karibu mara mbili ya volti za betri. Badilisha ncha, nyekundu iende hasi. Namba ikianguka hadi sifuri, mita hiyo haifai kwa kazi hii, tafuta nyingine.

Kutafuta kinachonyonya betri, zima kila kitu, toa waya hasi, weka mita kati ya waya huo na nguzo, kwenye tundu la ampea 10. Usiwashe swichi wala stata mita ikiwa hapo. Pikapu ya zamani isiyo na alamu isizidi 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Waliozoeleka ni redio iliyoungwa moja kwa moja na betri, alamu, kifaa cha kufuatilia gari, na relei ya hita za dizeli iliyoganda. Fyuzi zote zikiisha na namba haijashuka, toa waya mkubwa wa alteneta, ufunge mwisho wake kwa utepe usiguse bodi, kisha rudisha mita. Ikishuka hapo, umerudi kwenye dayodi.

Chaji inayozidi

Betri inayochemka, harufu ya mayai yaliyooza, maji kuisha kila wiki, balbu kuungua ovyo: pima. Zaidi ya 15 injini ikiwa na moto, katauti imeshindwa, au waya wa S umekatika ikadhani betri ni tupu, au katauti ya nje imepoteza ethi. Anza na waya na ethi, kisha katauti. Usiendelee kuliendesha hivyo kwa matumaini. Betri yenye seli zilizojaa gesi inaweza kupasuka usoni kwa mtu anayefungua boneti.

Baada ya kutengeneza

Rudia namba tatu za hatua ya tatu, kisha upotevu wa hatua ya nne, pande zote mbili. Endesha saa moja taa zikiwa zimewashwa, rudi, gusa vichwa vya nyaya ulizotengeneza injini ikiwa imezimwa. Kiungo chenye joto kuliko waya wake hakijakaa sawa. Liache gari lilale mahali tambarare, na asubuhi pima betri kabla ya kugusa swichi.

Hilux ya Igombe ina kipande cha plasta chini ya boneti, nimekiandika kwa kalamu ya wino mzito: 12.6 asubuhi, 14.2 bila mzigo, 13.8 taa zikiwaka. Mama amenunua mita yake mwenyewe, na kila mwezi kijana wake analinganisha namba hizo.